Jike la Madoa la Mzee Burhani

Benchi la wazee wa mtaa wa Hamugembe liliegemea ukuta wa Mzee Burhani, muuza kahawa. Nyuma ya ukuta, uani, mlikuwa na bwawa lake la samaki wa mapambo, wekundu wa kupendeza macho, alioachiwa na Mwingereza mmoja aliyehamishwa. Sasa Bwana mpya wa boma alitaka vifaranga vya samaki hao kwa bwawa la bustani yake, na alikwisha agiza: wazazi wawe wekundu watupu, mwenye madoa auawe asije akaharibu kizazi. Tarishi wa boma angefika kumchukua asubuhi hiyohiyo. Burhani alimimina kahawa hadi ikafurika kikombe, maana jike lake la madoa ndilo alilolichagua liwe mama.

— Mzee wangu, mtoe huyo wa madoa, alisema Lwakatare, ambaye, kwa kupenda kwake kuhukumu, watu walimwita Jaji. Mwekundu kwa mwekundu, watoto wekundu. Kesi imekwisha.

— Hao wekundu wako ndio wanaoliwa na ndege mdiria, Burhani alijibu. Kutwa wako juu, wanajionyesha. Huyu anajua kujificha. Mimi nataka watoto watakaoishi.

— Rangi si shida, alidakia Yunus Mpwani. Sisi watu wa pwani twajua, mtoto hufuata anachokitazama mama. Tundika kanga nyekundu hapo ukingoni.

— Pwani gani, na wewe umezaliwa Kemondo, hapa jirani? Jaji akamkata.

Apolinary wa Kamachumu, mkulima wa kahawa waliyemwita Mchungaji kwa mahubiri yake marefu, akatikisa kichwa.

— Wote mmepotea. Samaki hawa wamezaliwa bwawa moja, ukoo mmoja, mwiko mmoja. Mnamwoza dada kwa kaka yake? Bwana harusi atoke mbali, Muleba.

— Na mshenga? Yunus akauliza.

— Mimi hapa. Nabeba na kibuyu cha rubisi, tunamimina majini, posa inakubaliwa.

— Pombe haiingii bwawani kwangu, Burhani akasema.

Benchi zima likacheka. Yeye hakucheka.

— Mzee, huu ubishi utakufikisha boma, Jaji akamwonya. Kwa ajili ya samaki tu?

— Kwa samaki, ndiyo. Nimeambiwa nipande nini, nijenge wapi, nipite njia gani. Nimenyamaza. Hili sinyamazi.

Tarishi akatokea, ndoo mkononi, wavu begani. Akachungulia uani. Maji yalikuwa tope tupu; wekundu tu ndio walioonekana, juu juu.

— Shikamooni wazee. Huyo mwenye madoa hujificha upande gani?

Wote walijua: chini ya jiwe la kufulia. Yunus akainamia kikombe chake. Mchungaji akakohoa. Tarishi akamgeukia Jaji.

— Keti, kijana, Jaji akasema, akisogea kumpa nafasi. Mimi samaki siwajui.

Burhani akamjazia Jaji kikombe, kisha akampa tarishi chake.

— Sasa Bwana nikamwambie nini, mzee?

— Kamwambie mama amekwisha chaguliwa. Na akiuliza nani kachagua, mtajie jina langu.