Ufagio Uliofika Bila Glenys

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi hii sitaanza na muziki. Nina hasira, na nataka kila mtu wa Port Mendham anisikie vizuri. Tunamkumbuka Glenys Tatnell. Amefariki akiwa na miaka sitini na mmoja. Amefariki Jumanne, siku mbili baada ya mbio zetu za Krismasi ya Julai, zile tunazokimbia katikati ya majira yetu ya baridi tukivaa kama Baba Krismasi. Nasema tena: siku mbili baada ya mbio.

Glenys alizaliwa hapa hapa. Alipakia matufaha kwenye banda la bondeni miaka thelathini na minne, na hakufunga sanduku bila kuligusa tufaha la chini kabisa. Binti yake, Jodie, aliniambia jana: "Hata mezani mama alikuwa hivyo hivyo. Hali kitu mpaka wa mwisho apakuliwe. Tulikuwa tunamcheka, maana chakula chake kilipoa kila siku."

Ndiyo maana tulimpa ufagio. Mnaujua, ule wa vijiti uliozungushiwa utepe wa kumetameta. Anayeubeba hukimbia nyuma ya watu wote, na mbio hazifungwi mpaka ufagio ufike. Glenys aliubeba miaka kumi na mmoja.

Na kila mwaka ugomvi ulikuwa ule ule. Kamati haitaki koti la mvua juu ya vazi jekundu la Baba Krismasi, eti picha zitaharibika, na anayelivaa hapewi medali. Vazi lenyewe ni kitambaa kinachokunywa maji kama sifongo! Mkutano wa Juni, Glenys alisimama mbele ya mwenyekiti, Darryl Cripps. "Darryl, picha utazitazama wewe. Kutetemeka tutatetemeka sisi." Watu wakacheka. Darryl akacheka. Nami nilicheka. Sheria ikabaki. Glenys akavaa koti lake la njano vilevile, akasema medali yake waitie kwenye pudini.

Jumapili ilikuwa nyuzi joto tatu. Mvua ya barafu ilitupiga ubavuni tangu mwanzo. Kwenye daraja, kilomita ya nane, mzee Col Dwyer aliteleza akavunjika nyonga. Simu hazishiki pale, mnajua. Mbele yao mkimbiaji aliyekuwa bado anaonekana alikuwa mmoja tu, Tamsin Okely, yule dada wa duka la mikate. Glenys akamwita, akamfunga ufagio mgongoni. Tamsin anayakumbuka maneno yake: "Nenda, mwanangu. Wakiuona ufagio bila mimi, watajua kuna jambo."

Kisha akavua koti lake la njano, akamfunika mzee Col. Yeye akabaki na lile vazi jekundu.

Watajua kuna jambo. Alituamini, wasikilizaji wapendwa. Aliamini kwamba tunamjua kwa uso.

Tamsin alifika akichechemea, kofia imemfunika macho, ndevu za pamba zimemganda kidevuni. Maikrofoni nilikuwa nayo mimi. Niliuona ufagio. Uso sikuutazama. Nikapaza sauti: "Ufagio umefika! Mbio zimefungwa!" Watu wakakimbilia ukumbini kwenye pai na juisi ya moto. Magari ya kuangalia wakimbiaji yaliyokuwa barabarani yakaitwa yarudi.

Tamsin akamshika Darryl mkono. "Glenys yuko darajani na mzee Col, mzee ameanguka!"

"Wewe naye! Glenys anaijua barabara ile kuliko anavyowajua ng'ombe wake. Nenda kanywe kitu cha moto, utakufa kwa baridi."

Hayo ndiyo maneno ya mwenyekiti wetu. Wakamzungushia Tamsin mablanketi na kumkalisha kwenye hita, na kila aliyemwambia alimjibu kwamba Darryl anashughulikia. Mwisho akamwona Merv, mume wa Glenys, jikoni akipasha pai. Merv alitoka na aproni yake kiunoni, hakuuliza mara mbili.

Tangu ufagio ufike mpaka Merv afike darajani zilipita dakika hamsini. Nasema tena: dakika hamsini. Kwa gari ni dakika nne.

Mzee Col yu hai leo. Glenys alikuwa amemlalia kumkinga upepo. "Nilipomgusa alikuwa ameacha kutetemeka," Merv aliniambia. "Nikafurahi, bwana. Nikadhani amepata joto." Kumbe mwili ulikuwa umekwisha kushindwa na baridi, na Jumanne akatuacha.

Sasa kamati imebandika tangazo mlangoni mwa ukumbi: msiba umesababishwa na hali mbaya ya hewa. Hapana! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mvua haikufunga mbio. Mbio tulizifunga sisi. Darryl aliambiwa akapuuza, nami nilitangaza zimefungwa kwa mdomo huu huu mnaousikia.

Kwa Merv, kwa Jodie, kwa wote wa banda la matufaha: poleni sana. Mungu amlaze Glenys mahali pakavu. Na wewe unayenisikiliza, leo ukifunga duka, ukifunga geti, ukifunga darasa, tazama nyuma kwanza. Nani hajafika? Mtaje kwa jina.

Nilimwomba Merv aje aseme neno hapa. Alikuja alfajiri, ila hakutaka kuketi. Alinipa ule ufagio, utepe wake bado umelowa.

"Kaa nao wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyeupokea."