Ruphin Asukulu, Fundi wa Vitako vya Bunduki

Marehemu Mzee Ruphin Asukulu alizaliwa Baraka, Kivu Kusini, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Asukulu Alimasi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha akajifunza useremala katika karakana ya misheni, Uvira. Walimu wake walilalamika kwamba ni mbishi. Hawakukosea.

Tarehe 6 Agosti 1988 alimwoa Mama Léocadie. Mwaka 1996 askari waliichoma karakana yake, naye na Mama wakakimbia mikono mitupu. Baada ya miaka ya kambini Tanzania, walifika Johannesburg mwaka 2004, wakapanga chumba mtaa wa Bertrams.

Mzee alilinda duka la vitu vya kale Kensington, mpaka mwenye duka alipomwona akiunga mguu wa kiti. Akamletea kitako cha bunduki ya vita vya zamani, kimepasuka na vanishi imebanduka. Tangu hapo Mzee hakulinda tena mlango wa mtu. Chuma kilibaki dukani. Nyumbani ulifika mti mtupu. Aliukwangua taratibu, akainua palipobonyea kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto, akaupaka mafuta ya kitani kwa kiganja. Majina waliyochonga askari wa zamani hakuyagusa kwa msasa, hata mteja apige kelele.

Pasi ilikuwa ya Mama. Jumapili moja alikwenda kanisani na doa la vanishi mgongoni mwa blauzi nyeupe, akaambiwa na kwaya nzima.

“Eish, Baba Héritière!” Mama alimwita kwa jina la mtoto wao. “Tena na pasi yangu?”

“Ulipendeza,” Mzee alimjibu. “Watu wote walikuangalia.”

Wazee wa kanisa hawakucheka. Walimuuliza vipi mkimbizi wa vita ale kwa bunduki, wakamtaka aache kazi hiyo au aache ushemasi.

“Miye bunduki zilinichomea karakana, nazijua kuliko ninyi,” aliwaambia. “Zile zimezeeka, haziui tena mtu. Miye niko natengeneza mbao. Sitaacha.”

Wakamvua ushemasi. Wahenga husema akufukuzaye hakwambii toka; hao walimwambia wazi, wala hakutoka. Kila Jumapili alikaa benchi la mbele.

Mwaka jana madaktari walimkuta na saratani ya tumbo. Aliendelea kupiga msasa akiwa kitandani, magazeti yametandazwa mapajani, na aliyemwambia apumzike alijuta. Alifariki hospitalini tarehe 9 Mei 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama. Tumeumia sana.

Wiki hii wazee wa kanisa walituagiza tuandike “fundi wa fanicha”, la sivyo wasifu huu hautasomwa kanisani. Mama Léocadie alikataa.

“Bwana yangu hakuona haya,” alisema. “Miye nione haya ya nini?”

Ndiyo maana tunausoma hapa makaburini, na baridi hii.

Mzee ameacha mjane, Mama Léocadie, watoto wawili, Héritière na Elisée, wajukuu wanne, na dada yake, Mama Jeannine, aliyeko Baraka. Vitako vitatu vimebaki mezani. Wenyewe wasije kuvichukua: Mama atavimaliza kwa mkono wake, na kazi nyingine ziletwe.

Mzee Ruphin Asukulu, fundi wa vitako vya bunduki, apumzike kwa amani.