Kamande Niliyoiponda

Bwana na asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na sisi tunaosimama na moyo mzito.

Mimi nyanya yenu wa Mghange mnanijua. Sikusoma sana, nitasema tu vile ilikuwa.

Mume wangu, Mzee Mwakio, alishikwa na ugonjwa wa koo. Likabana, hata ugali haupiti. Daktari huko Voi akaniambia nimpikie supu ya kamande, zile dengu ndogo bapa, iwe nyepesi. Kamande nikanunua Mwatate, bei yake ya chini na inashibisha. Lakini hilo neno "nyepesi" nililiacha huko huko Voi.

Ndugu zangu, mnajua sisi Wadawida na kimanga chetu. Kitu kikiiva lazima kipondwe kwa mwiko mpaka kisimame. Mwanamume akipewa chakula cha majimaji, watu wanauliza kama mke wake amemchoka. Basi kamande nikaiponda na muhogo, ikasimama! Nikampelekea mzee sahani imejaa. Anaonja, anafunga mdomo, anageukia ukuta. Nikasema amekata tamaa. Nikafunga, nikaomba: Bwana, mrudishie hamu ya kula!

Kumbe hamu alikuwa nayo. Mtu alikaa na njaa kando ya sufuria yangu, akakonda mpaka suruali haishiki.

Ndipo akaja Mama Neema, mke wa mwanangu Daudi, mzaliwa wa Taveta, kumwona mgonjwa. Alipoona ile sahani, akaja jikoni akaninyang'anya mwiko.

"Mama, leo usiponde."

Akakaanga kitunguu, saumu na nyanya, akatia karoti na manjano kidogo, kisha kamande na maji mengi. Ikachemka mpaka ikavunjika yenyewe.

"Hayo ni maji ya kuoshea vyombo!" nikamwambia. "Ndiyo utampa mume wangu?"

"Mama, atakunywa yeye, si wewe."

Mzee akanywa. Polepole, kikombe kizima! Halafu akanisukumia kikombe, sauti yenyewe haitoki vizuri: "Mama Daudi, niongeze maji ya vyombo."

Haleluya! Nilicheka mpaka nikalia.

Koo Bwana hakuliponya. Sitawadanganya. Alimpa mzee muda wa kuota jua na kikombe chake mkononi, na masika ilipoanza akamchukua. Alikwenda ameshiba. Kwa hilo nashukuru. Lakini zile wiki za sahani, ndugu zangu, hazirudi. Mpaka leo nikishika mwiko namwona amegeukia ukuta.

Wewe unayemwombea mgonjwa wako, omba, mtegemee Bwana, anasikia! Lakini ukifungua macho, mwangalie aliyepiga hodi. Jibu langu lilitoka Taveta kwa miguu yake, na mimi nikaligombeza.

Sufuria ya kamande nimekuja nayo, iko pale nyuma. Mwenye mgonjwa nyumbani achukue. Sikuiponda.