Marehemu na Mgonjwa Aitwaye Kama Hapo Juu

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Mama anasema alichelewa kusema, na alipoanza, alianza kwa kuwasahihisha wenzake.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni. Mwaka 1992 alipata stashahada ya kompyuta katika chuo chenye kompyuta moja, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma ili isizeeke.

Aliajiriwa hospitali kuu, idara ya kumbukumbu. Mwaka 1998 alimwoa muuguzi aliyekuja dirishani kumgombeza kwa faili lililopotea. Faili halikuonekana. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2014 alitakiwa kuhamisha kumbukumbu za wagonjwa kutoka majedwali ya Excel kwenda hifadhidata. Aliandika programu ikaifanya kazi yenyewe. Mkuu wa idara akamwambia, "Umetuokoa, mzee. Sasa futa yale ya zamani, yanajaza nafasi." Yakafutwa.

Ndipo akaonekana mgonjwa aliyejifungua, akatahiriwa na kung'olewa meno, tena mara nyingi. Jina lake Kama Hapo Juu. Mgonjwa akirudi, makarani walikuwa wakiongeza mstari chini ya jina lake na kuandika hivyo badala ya kulirudia. Programu iliwaamini, na kwa usafi wake ilikuwa imepanga kila kitu kwa alfabeti. Hapakuwa tena na juu.

Tangu hapo Marehemu aliwatafuta wenye rekodi hizo kwa simu, mmoja mmoja.

"Samahani mama, ni wewe uliyevunjika mguu mwezi wa tano?"

"Mimi nauza mkaa, baba. Sijavunjika popote."

Mkewe alimsihi, "Baba watoto, waache. Wengine wameshakufa."

"Hata aliyekufa aandikiwe ugonjwa wake."

Mwaka 2021 miguu ilianza kuvimba. Daktari alifungua kumbukumbu zake akakuta mafua tu. Vipimo vya figo vya miaka ya nyuma vilikuwa kwa Kama Hapo Juu, na Marehemu mwenyewe hakuweza kutambua vilivyo vyake. Matibabu yalianza upya, yakachelewa. Alifariki tarehe 9 Juni 2022.

Ameacha mama, mke, mabinti wawili na sisi ndugu zake watatu. Wiki hii idara imeifunga rekodi ya Kama Hapo Juu kwa neno "amefariki", ili ripoti itoke. Mungu anawajua wote mmoja mmoja; sasa amebaki yeye tu anayewajua. Ampumzishe kaka yetu kwa amani.