Zedekiah Nzanzu, Aliyebeba Timu na Kufungiwa Lango

Wafiwa, majirani, watu wa kanisa, na nyinyi wa Lhubiriha Rovers mliokuja na jezi zenu, kaeni chini. Haya ni maisha ya Zedekiah Nzanzu. Ninayeyasema ni mimi Masika, dada yake mkubwa. Ambaye hatayapenda, barabara anaijua iliko.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958 huko Kahendero, kando ya Ziwa George. Alikuwa mtoto wa kiume wa kwanza wa mzee wetu Yonasani na mama yetu Kabugho. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama akianika samaki. Alikuwa mzito, na hakulia ovyo. Ukimwambia ngoja hapa, utarudi umkute hapo hapo. Watu walimwonea kwa tabia hiyo mpaka mwisho.

Alisoma shule ya msingi Muhokya kuanzia 1966, akaacha akiwa darasa la sita mwaka 1972. Aliacha kwa sababu baba alikufa. Ujinga hakuwa nao. Katika mpira wa shule hawakumpanga, maana miguu yake ilikuwa mizito kama mwenyewe. Basi alikaa pembeni akitunza viatu vya wenzake wakicheza. Hivyo ndivyo alivyoupenda mpira, kwa kuwatunzia wengine.

Mwaka 1975 alianza kazi ya utanboi, yaani utingo, kwenye lori la chumvi ya Katwe, kufunga turubai na kulala juu ya magunia. Akapanda mpaka udereva. Mwaka 1991 alinunua Isuzu yake mwenyewe, akabeba kahawa na saruji kati ya Kasese na Bwera. Mwaka 1994 alikuta vijana wa Rovers wanatembea kwa miguu kwenda kucheza Kinyamaseke, viatu shingoni. Akasimamisha gari, akasema, "Pandeni." Tangu siku ile hawakushuka. Kila mechi, ya nyumbani na ya mbali, gari lilikuwa lake, na mafuta yalikuwa yake.

Mtakumbuka miaka ya vita vya waasi, barabara ilipokuwa ya kufa. Mwaka 1998 askari walimsimamisha kizuizini, wakaona vijana wamejaa nyuma.

"Shuka wote! Hawa iko wapiganaji?"

"Afande," marehemu akajibu, "wapiganaji gani? Hawa hata goli wameshindwa kupiga."

Yule afande alicheka mpaka akashika tumbo. Wakapita. Baadhi yenu mliokuwa nyuma ya lori siku ile mmekaa hapa leo na vitambi.

Tarehe 3 Septemba 1983 alifunga ndoa na Biira katika kanisa la Bwera. Mungu aliwapa watoto wanne. Biira naye aliolewa na timu bila kuulizwa. Siku ya mechi alipika bundu, ugali wetu wa muhogo, na maharage, chungu kikapanda lori pamoja na wachezaji. Desire, ambaye leo ni mwenyekiti wa Rovers, alikuwa winga wakati ule, na alikuwa wa kwanza kuomba aongezwe. "Mama Biira, bundu lako linanipa mbio," alimwambia. Mbio tumeziona.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Mwaka 2022 Rovers walileta kadi za uaminifu. Ukipita mlango wa watazamaji, kadi yako inapata pointi. Ukinunua jezi, pointi. Mechi kubwa ikija na viti vikiwa haba, mwenye pointi nyingi anapata tiketi kwanza. Kwa kuisikia tu, sheria ni nzuri. Nami niliisifu. Lakini marehemu alikuwa anaingiaje uwanjani? Aliingia kwa lango la magari, na timu nzima nyuma yake. Mlango wa watazamaji hakuupita hata mara moja. Nani angeleta wachezaji kama yeye angepanga mstari?

Mechi ya kupanda daraja ilipokuja, alikwenda ofisini na kadi yake.

"Mzee, kompyuta inasema uko na sifuri," Desire akamwambia.

"Desire, mutoto yangu, we mwenyewe ulikomaa juu ya gari yangu. Kompyuta ilikuwa wapi?"

"Sheria iko moja kwa kila mutu, mzee. Mwaminifu ni mwenye pointi."

Waliopata viti ni pamoja na watu walionunua jezi mwezi ule ule, bado zinanuka duka.

Siku ya mechi yenyewe, Jumamosi tarehe 24 Mei 2025, aliwapeleka uwanjani Kasese kama siku zote. Wachezaji waliposhuka, walinzi wakamwambia atoe lori nje, asiye na tiketi habaki ndani. Alitoa. Rafiki yake Badiru, msafirishaji wa hapa Bwera, alitoka kitini mwake akampa kadi yake. Mlinzi akaikataa, kwa sababu picha haikuwa ya Zedekiah. Basi Badiru naye hakurudi ndani. Walikaa wawili kwenye kabini wakisikia kelele.

"Hiyo ni yetu ama yao?" marehemu aliuliza.

"Yetu. Sikia vuvuzela."

"Namba tisa huyo. Nilimwambia asipige juu."

Rovers walishinda. Halafu wakatoka na kombe lao, wakapanda wapi? Juu ya lori lile lile! Naye akawarudisha Bwera, akipiga honi. Mimi ningewaacha Kasese walale na kompyuta.

Mwezi Agosti presha ilimwangusha, upande wa kushoto ukafa. Alilazwa hospitali, kisha akauguzwa nyumbani. Badiru alikuja kila Ijumaa baada ya swala, akamnyoa ndevu. Rovers walituma mtu mara moja tu, kuuliza ufunguo wa lori. Nilimjibu, "Desire aje mwenyewe auchukue hapa kitandani." Hakuja. Marehemu alikata roho Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, akiwa amenishika mkono.

Jana Desire alileta bendera ya timu tufunike jeneza, akaomba nafasi ya kusema.

"Mama, sisi ni familia moja."

"Wewe familia ulipita mulango gani?" nikamwuliza.

Bendera ameondoka nayo. Hatasema hapa. Viti vya kivulini tumewapa waliomwona mgonjwa, na Badiru yuko kwenye cha kwanza. Wengine jua ni lenu. Sheria iko moja kwa kila mutu.

Jumamosi ijayo Rovers wana mechi Fort Portal. Lori haliendi. Biira na watoto wamekubali, na Badiru amewaambia wasafirishaji wenzake, nao wamekubali. Pandeni kadi zenu.

Marehemu ameacha mjane Biira, watoto wanne, wajukuu saba, dada yake Masika, na rafiki yake Badiru, ambaye tunamhesabu kuwa ndugu.

Zedekiah, lala katika amani ya Mungu. Hasira tuachie sisi, tutaitunza.