Masunga Budeba na Sheria ya Mgeni

Baba padri, viongozi wa kijiji, wafiwa, majirani zetu Wasangu, Wabena na Wasukuma, nanyi mliotoka Iringa juu ya lori la mpunga, ukoo umenituma nieleze alikotoka na alikopita ndugu yetu Masunga Budeba, kazi ambayo mwalimu wa shule aliiomba akanyimwa, maana mwalimu angeandika vizuri lakini asingeandika yote, na mimi Seni, mtoto wa shangazi yake, kwa mila ni mtani wake, na mtani hazibwi mdomo msibani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1920 huko Malampaka, wilaya ya Maswa, reli ikiwa bado haijafika, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Budeba na mama Kabula, akabatizwa akiwa tayari anachunga, akaingia shule ya misheni mwaka 1930 na kumaliza darasa la nne mwaka 1934, darasa ambalo hata mimi ningelimaliza kama mimi na mwalimu yule tungeelewana, lakini hilo tuliache kwa kuwa mwalimu naye ni marehemu.

Mwaka 1941 aliingia jeshi la Mwingereza, lile tulilokuwa tukiliita Keya, na mwaka 1944 akafika Burma, na huko ndiko alikookota maneno aliyoishi nayo mpaka kufa, kwani siku moja mchuuzi wa ndizi, mtu wa kila siku pale kambini, ambaye askari walikwisha kumpa na jina la utani, aliweka kikapu chake karibu na jiko akaenda kuomba maji, na kikapu kile kikalipuka kikaua watu ambao Masunga alikunywa nao chai asubuhi hiyo. Zipo hadithi zake nyingi ambazo mimi nimezipamba, na nimezipamba vizuri kuliko mwenyewe, lakini hii sijaigusa. Tangu hapo alikuwa akisema, adui mwenye bendera usimwogope, unamwona, mwogope anayekuja na kikapu akaomba maji.

Alirudi mwaka 1946 akiwa na medali moja na kikohozi, akaajiriwa kupima pamba kwenye kiwanda cha kuchambulia pale Malampaka hadi mwaka 1971, na tarehe 22 Oktoba 1949 alifunga ndoa kanisani na dada yetu Helena, aliye mbele yenu hapa, wakajaliwa watoto watano, watatu wakiwa na miji yao huko Maswa, wa nne Bartholomeo aliyezaliwa mwaka 1955, askari wa jeshi letu, na kitinda mimba Regina aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1957.

Malisho yalipokwisha Maswa tuliswaga ng'ombe mpaka huku Usangu, tukaingia Rujewa mwezi Septemba 1972, na safari ile niliiongoza mimi, ingawa wapo watakaowaambia kwamba nilikuwa nyuma, nami nawauliza, ng'ombe huongozwa kutoka wapi? Mwaka 1974 tulipopangwa kijijini kwa mstari mmoja, Msangu, Mbena, Mhehe na Msukuma ukuta kwa ukuta, marehemu alipanda minyaa kuzunguka nyumba yake kabla hajaezeka paa, akasema hana ugomvi na mtu, ila maziwa na maji ukivichanganya hujapata maziwa mengi, umepoteza vyote viwili.

Maneno hayo aliyasema hadharani, pale kwenye mashine ya mpunga Rujewa, ambapo watu wakisubiri zamu yao walimzunguka na redio yake ya betri nne, akiwafungulia taarifa ya habari na kuwaeleza taarifa hiyo imeacha nini. Redio za ng'ambo zilipowaita wapigania uhuru magaidi, alizitukana, na redio ya hapa ilipomwita kila aliyeshika bunduki upande wetu shujaa, aliguna, akasema mashujaa wa namna hiyo alikuwa nao Burma, nusu yao walikuwa wezi wa kuku. Redio, alisema, ni kama mke mwenza, haikudanganyi, inachagua tu la kukuambia. Mimi nilimbishia mara nyingi, na mara nyingi nilimshinda, ila watu walikuwa hawatambui.

Sasa niseme la Regina, na mwenyewe ameniruhusu. Mwaka 1976 alikwenda Iringa kujifunza ushonaji kwa masista, akapanga chumba Mlandege, na mbele ya chumba kile alikuwepo fundi redio aitwaye Halfani, Mwislamu, ambaye babu yake alitoka Bagamoyo na misafara ya biashara, na tarehe 10 Agosti 1978 wawili hao walifunga ndoa bomani bila baraka za mzee. Habari ilipofika mashineni, mtu mmoja akamtania, "Ng'wana Budeba, mkwe wako atakutengenezea redio bure," naye akajibu, "Mimi sina mkwe. Nina binti aliyepotea njia, na njia ya kurudi anaijua." Hakucheka, na hakuna aliyerudia utani ule.

Mwezi Oktoba nduli akavamia Kagera, Bartholomeo akapelekwa vitani, na katika mkutano wa kijiji wa tarehe 18 Novemba 1978 marehemu alisimama akaeleza habari ya mchuuzi wa ndizi, akapendekeza kwamba kaya yoyote itakayolaza mtu asiyefahamika bila kumfikisha kwa balozi wa nyumba kumi itengwe, isisalimiwe, isipewe moto, isipewe zamu kisimani, isipelekewe habari, mpaka imtaje mgeni wake ni nani mbele ya watu, na mgeni asiye na udugu na kaya hiyo akabidhiwe mgambo wampeleke Mbeya akahojiwe. Tuliapa wote. Hatukuapa kwa hofu, tuliapa kwa sababu alikuwa na haki, wakati ule wa vita hakuna aliyejua nani ni nani, na mpaka leo wapo humu wanaoona alikuwa na haki.

Jumanne ya tarehe 20 Februari 1979, mvua ikinyesha, Regina aliingia uani akiwa na mimba ya mwezi wa nane, kwa kuwa uzazi wa kwanza ni kwa mama, na nyuma yake akiwa Halfani amebeba mzigo, aliyekusudia kumfikisha mkewe na kugeuka kesho yake. Usiku huohuo mto ukafurika, barabara ya kwenda Igawa ikakatika, basi likakwama, na Halfani naye akakwama ndani ya minyaa ya mtu asiyemtaka. Ndipo mzee alipotazama kulia akaona sheria yake, akatazama kushoto akaona maneno yake. Akimfikisha kwa balozi ataulizwa, huyu ni nani, na jibu lilikuwa moja tu, nalo ndilo alilokwisha kulikana mbele ya mashine nzima. Akamweka kwenye ghala la mahindi.

Ili moyo wake umwamini kwamba yule si mkwe, alikula naye, na mnajua uzito wa jambo hilo, kwetu baba mkwe na mkwe hawali sahani moja wala hawaketi mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja hushuka kando na kugeuza uso. Yeye akaketi naye ghalani, ugali mmoja, bakuli moja, kama watu waliokutana stesheni. Helena hakudanganywa, kila alipokwenda kuteka maji alizunguka nyuma ya zizi akiwa amejifunika kanga kichwani kama mama mkwe anayemkwepa mkwe, na mimi niliyepewa macho ya mwewe nilimwona mara ya kwanza tu nikajua kwamba mle ghalani hamna mahindi peke yake.

Kilichowafichua ni redio, iliyokuwa imekufa tangu Januari, Halfani akaifungua, akaanika betri juani, ikasema. Balozi wetu Marcelino alisimama nje ya minyaa akauliza, "Masunga, redio yako imefufuka?" "Nimeipiga kofi." Ghalani mtu akakohoa. "Na hilo kofi linakohoa?" "Lina mafua." "Basi lilete nje, tulitafutie dawa." Halfani akatoka, na Marcelino akauliza kama sheria inavyotaka, "Huyu ni nani?" Masunga akanyamaza. Nawaambia, mimi nimemjua mtu yule tangu nikinyonya, sijawahi kumwona ameulizwa swali akanyamaza.

Akatengwa. Mgambo walikuwa ng'ambo ya maji wakisubiri barabara, Halfani asingeweza kutoka, Regina asingeweza kusafiri, na mwenye sheria akawa anafika kisimani wenzake wanajitwisha ndoo na kuondoka bila hata salamu ya mwangaluka, akiwa amefungiwa na ufunguo alioutengeneza kwa mkono wake. Betri zikaisha nguvu, na vita vilikuwa vinaendelea na mtoto wake akiwa humo. Hapo ndipo nilipotumia akili ambayo wasomi hawana, kwani sheria ilinikataza kusema na Masunga, haikunikataza kusema na ng'ombe, basi kila jioni nilimpitisha dume langu Kamanda kando ya minyaa nikimwambia kwa sauti, "Kamanda, tembea, wenzako wameingia Masaka, na kijijini hapa haijaja habari ya msiba." Ndani nikasikia mtu anasema, "Minyaa hii leo imesikia vizuri."

Wale wawili walibaki na mazungumzo yao tu. Asubuhi mpaka jioni tuliwasikia, mzee akisema Waislamu wa pwani walileta biashara na biashara ikaleta utumwa, Halfani akimjibu, "Na reli yenu ya Malampaka, mzee, ililetwa na malaika?" Mzee anafoka, kisha anacheka, kisha wanaanza upya, juu ya vita, juu ya redio, juu ya nani ameharibu nchi. Hakuna aliyekuwa amembishia hivyo maishani mwake, ukiniondoa mimi. Tarehe 6 Machi Regina akashikwa na uchungu, na mama Evarista, mkunga, akavuka minyaa mbele ya balozi akisema kwamba sheria ya mkutano haina mlango wa kuingilia nyumba ya uzazi, na mtoto wa kiume akazaliwa salama.

Tarehe 13 Machi 1979 maji yakapungua na mgambo wakafika wakiongozwa na bwana Andendekisye, Mnyakyusa wa Tukuyu. Kijiji kizima tulikuwa pale. Marehemu alikuwa ameketi kwenye kigoda, katika mwanya wa minyaa, ambao ndio njia pekee ya kutokea, na Marcelino akamuuliza mara ya mwisho, "Masunga, mtaje. Huyu ni nani?" Akisema mgeni, mtu anapelekwa Mbeya kama jasusi na mtoto wa wiki moja anabaki bila baba, akisema mkwe, amekula matapishi yake mbele ya wote aliowahutubia. Mgambo wakamshika Halfani mkono wakamwongoza kutokea mwanyani, Regina akilia nyuma yao, wakimwelekea mzee pale alipoketi. Ndipo Masunga aliposimama, akaondoa kigoda, akajipenyeza ndani ya minyaa, utomvu ukimchuruzika shingoni, akageuza uso na kuinamisha kichwa. Kwa mila kijana ndiye hushuka, ila yule alikuwa hajui, na miko ni miko, mmoja asipojua mwenzake ataitimiza.

Marcelino akasema, "Mwachieni." Andendekisye akauliza, "Kwa nini? Mzee hajasema kitu." "Amempisha." Yule bwana akamtazama mzee aliyezama kwenye minyaa, akauachia mkono wa Halfani, akasema, "Kwetu anayekimbia ni mke wa mwana. Lakini ukwe naujua nikiuona."

Hivyo marehemu akafunguliwa, na papo hapo akafungwa tena, kwani kuanzia saa ile hakuweza kula na Halfani wala kuketi naye, na yule mtu mmoja aliyejua kumbishia akawa ndiye asiyeruhusiwa kumkaribia. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili mmoja alikuwa ndani na mwingine nyuma ya ukuta, kila mmoja akibishana na udongo wa ukuta ili mwenzake asikie. Maneno yake hakuyafuta hata moja, alirudi mashineni akaendelea kusema mgeni ni mgeni, ila akitajwa Halfani alisema, "Huyo si mgeni, huyo ni mkwe," na mazungumzo yakahamia kwingine.

Kikohozi kilimzidi kuanzia mwezi Julai, tarehe 17 Septemba akalazwa hospitali Mbeya, Bartholomeo akarudi kutoka vitani akamkuta bado ana fahamu, na Halfani akaja kutoka Iringa, akakaa nje barazani chini ya dirisha, redio ikiwa juu ya kizingiti, mzee akiigombeza redio kwa maneno yaliyokusudiwa mtu wa nje. Jumanne ya tarehe 9 Oktoba 1979, saa kumi na moja alfajiri, aliacha kugombeza. Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na wawili.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mama Evarista, bwana Andendekisye aliyekuja leo bila bunduki, wenzake wa mashine ya mpunga, na ninyi majirani, mliomtenga kwa sheria yake na kumchimbia kaburi kwa mikono yenu.

Limebaki moja, na wazee wamelikubali. Miko ya ukwe mwisho wake ni kifo. Halfani, toka huko kwenye minyaa, baba, pita hapa mbele umtazame uso, maana leo hawezi kusimama akupishe.

Nawe ng'wana Budeba, lala kwa amani, umepumzika.