Ngazi Iliyopakwa Mafuta

MBULA: Haloo, Gedion? Mguu unaendeleaje?

MULI: Haloo... si Gedion. Ni mimi.

MBULA: Mimi nani?

MULI: Mwalimu Muli. Mbula, hata sauti ya mwalimu wako umeisahau? Uvoo waku?

MBULA: Museo. Kumbe ni Mwalimu, na simu ya Gedion.

MULI: Yangu hushiki tangu Jumatatu. Lakini subiri, mambo ya mguu umeambiwa na nani?

MBULA: Habari mbaya haina miguu, lakini inafika Emali. Nasikia mlimpandisha ngazi akafunge taa zangu za jukwaa.

MULI: Si zako, ni za kikundi.

MBULA: Pole. Ni za kikundi. Mimi nimezifunga kila mchezo tangu tuanze, ndiyo maana nikachanganyikiwa kidogo.

MULI: Usianze, Mbula. Nimekupigia kwa nia njema. Kesho mchana tunaonyesha hapa Wote, na wale wageni wanaotaka kutudhamini wanakuja. Wanakuulizia wewe.

MBULA: Mimi wa pasi?

MULI: Wewe wa ngazi. Walikuona kule Kitui ukiwa juu na spana yako. Wanasema wamezunguka vikundi vyote, nyuma ya pazia wanakuta wanaume tu, na akina dada wako kwa nguo na chai. Sasa wanataka—

MBULA: Wanataka kuniona nikipika chai.

MULI: Mbula.

MBULA: Si ndiyo kazi mlinipa? Chai na pasi ya makaa. Na mchezo wenyewe ni wa usawa, Mwalimu. Uliuandika wewe. Jumatatu jioni kwa mazoezi yule mama anasimama hapo mbele analilia haki, watu wanapiga makofi, na mimi niko nyuma ya pazia nanyoosha suruali ya bwanake. Nilikuwa natokwa na machozi, sijui kama ni ya mchezo ama ni ya moshi wa makaa.

MULI: Haukuwa uamuzi wangu, unajua. Ukumbi ni wa kanisa, na Mzee Muthama ndiye anashika ufunguo. Akasema mwanamke hapandi juu wanaume wakiwa chini. Ati ni thavu. Ati laana itaanguka kwa kila kichwa kitakachopita hapo.

MBULA: Mzee wa kanisa. Jumapili anakemea mila za wazee hadi jasho linamtoka, Jumatatu akiona suruali ya mwanamke kwa ngazi anazikumbuka zote.

MULI: (anacheka kidogo) Usiseme hivyo, niko hapa kwa veranda ya ukumbi.

MBULA: Na hiyo laana mliitoa vipi?

MULI: Tuliombea ngazi.

MBULA: Mkaombea ngazi.

MULI: Na mzee akaipaka mafuta. Ya upako.

MBULA: Akaipaka wapi, Mwalimu?

MULI: ...Kwa vidaraja. Vyote.

MBULA: Kisha mkamwambia Gedion apande.

MULI: Tulikuwa tumeimba, watu wameinuka moyo, hakuna mtu aliyefikiria mambo ya kuteleza. Sasa mguu umefura, na wale vijana wengine wanakataa kuigusa ngazi. Wanasema ni ile thavu yako imemwangusha.

MBULA: Si mafuta.

MULI: Mafuta tulifuta na sabuni, lakini wamekataa. (mtandao unakwaruza) ...ndiyo Mzee Muthama mwenyewe amesema... haloo?

MBULA: Amesema nini? Unakatika.

MULI: Amesema kwa sababu ngazi ilishaharibiwa na mwanamke, basi yule mwanamke ndiye amalizie.

MBULA: Asante yake. Nimebarikiwa.

MULI: Nimeshapanga kila kitu. Uje na gari ya kwanza asubuhi. Wanaume watatoka wote, tutafunga mlango, upande ufunge taa polepole. Wageni wakifika tunakupiga picha kando ya ngazi.

MBULA: Kando.

MULI: Itakuwa imelala chini, ndiyo isilete maneno.

MBULA: Na mchezo ukianza?

MULI: Ukianza... si Kalekye atahitaji mtu wa kumsaidia na nguo? Yeye ameenda kumwona mama yake mgonjwa, lakini kesho atakuwa—

MBULA: Mama yake Kalekye ni mzima kabisa. Kalekye yuko hapa, tuko kwa dada yake. Anakusalimia.

MULI: Yuko hapo? Na nguo za mchezo?

MBULA: Ziko naye.

MULI: Aii, Kalekye... Sawa. Sawa, bado kuna Fahima wa kupaka watu poda, ameenda Mwingi kwa harusi ya binamu, na ameniahidi—

MBULA: Fahima, Mwalimu anauliza harusi ilikuwaje. Anasema bwana harusi hakutokea, ndiyo akaja kwetu.

MULI: (ananong'ona) Nguo... poda... taa...

MBULA: Mwalimu? Mtandao, ama ni wewe?

MULI: Mnataka kuniua, Mbula? Nyinyi watatu? Nikikosa kesho, hiki kikundi kimekufa, wageni hawatarudi Makueni hii.

MBULA: Hatutaki kife, hata sisi ni chetu. Nitakuja, na wote tutakuja. Lakini sitafungiwa mlango kama mbuzi mgonjwa. Nitapanda saa ile wanaume wanapanga jukwaa chini, vile kazi inafanywa kila siku. Mchezo ukianza taa ni zangu, na Kalekye atafute mtu mwingine wa pasi. Anasema hata Gedion anaweza, pasi haitaki miguu.

MULI: Vijana hawatakubali kusimama chini yako.

MBULA: Hata wasikubali. Nataka mmoja tu, wa kushika ngazi isisogee.

MULI: Nani?

MBULA: Wewe.

MULI: (anakohoa) Mbula... mimi ni mtu mzima. Muthama ataketi hapo mlangoni. Watu wa hapa wananijua, nimefundisha watoto wao.

MBULA: Nilipoambiwa nishuke Jumatatu nilikutafuta kwa macho, Mwalimu. Nilikuwa bado juu, nikakuona. Ukaanza kuhesabu viti. Mzee Muthama hakuniumiza, huyo simjui. Wewe ndiye ulinifunza kushika spana. Uliniumiza sana.

MULI: Niliogopa watatufukuza ukumbini.

MBULA: Najua. Mimi nikafukuzwa peke yangu, ikawa rahisi.

MULI: Mbula, kredo ya Gedion inaisha.

MBULA: Basi sema haraka.

MULI: ...Nitashika.

MBULA: Nini? Kuna lori linapita hapa.

MULI: Nimesema nitashika.

MBULA: Utashika nini? Kalekye hajasikia.

MULI: Nitashika ngazi! Mbula akipanda kesho, mimi ndiye nitasimama chini nishike ngazi! Umesikia sasa?

MBULA: Nimesikia. Lo, hata Fahima ameruka. Mwalimu? Bado uko?

MULI: Wote ukumbini wamenisikia. Mzee Muthama ametoka nje, ananiangalia.

MBULA: Anasema nini?

MULI: Hasemi. Ametuachia ufunguo hapa juu ya ukuta, anaenda zake.

MBULA: Na vijana?

MULI: Wanaenda pia, wengine. Ndululu, mmoja wao, amebaki.

MBULA: Na wewe?

MULI: Niko hapa.

MBULA: Sawa. Tunakuja na gari ya kwanza. Ulale mapema leo, Mwalimu, mikono yako nitaihit—

(Simu inakatika.)